Pete ya moyo hakuna aliyeitaka

Kikundi: Wajukuu wa Bi Mkubwa, Ngamiani, Tanga

Tunu: Shikamooni wakubwa. Huyu mwanangu tangu asubuhi yuko na katuni ya Akili kwenye simu yangu, chaji imebaki kidogo. Enzi zenu mlikuwa mnaangalia nini?

Mjomba Rajabu: Marahaba. Tulikuwa tunaangalia chenga.

Kassim: 😂😂😂

Mjomba Rajabu: Mnacheka. Bara hatukuwa na kituo cha televisheni mpaka 1994. Zanzibar walishawasha yao 1973, tena ya rangi. Sisi na Pemba ni maji tu katikati, kwa hiyo mwenye mlingoti mrefu wa antena ananasa hiyo TVZ yao. Mtaani kwetu tv ilikuwa kwa mzee mmoja mwenye lori, mianzi miwili kaiunga kwa waya.

Mamdogo Zuhura: Na mzungushaji wa mlingoti alikuwa nani? Mie! Nyie mmejaa mkekani mnapiga kelele "rudisha, rudisha, hapo hapo!" Nikiingia ndani katuni imekwisha, mtu anasoma habari.

Kassim: Pole mamdogo

Mamdogo Zuhura: Pole ya nini, mwenye nyumba alikuwa ananipa kachori.

Tunu: Katuni gani sasa?

Mjomba Rajabu: Tom na Jerry. Ile ndiyo ilikuwa yetu, maana haina maneno. Paka akipigwa kikaango nani haelewi? Zile za kuongeaongea tulikuwa na mkalimani, kijana wa darasa la sita. Leo nina hakika alikuwa anatunga.

Mamdogo Zuhura: Si alisema yule askari anamdai mwenzie nauli ya Muheza 😂

Bi Mkubwa: 🎤 0:52

Kassim: Niko kwenye daladala, nani amesikiliza?

Salim: Bibi anasema msijifanye mlilelewa na tv, mlilelewa na redio. Kipindi cha Mama na Mwana, Debora Mwenda akianza hadithi nyumba nzima kimya, na ndipo yeye alipokuwa anapata nafasi ya kuchambua mchele.

Mamdogo Zuhura: Mama kasema kweli. Redio Tanzania ile! Paka wa kwenye tv kachorwa na watu wengine huko Marekani. Zimwi la Debora nililichora mwenyewe kichwani, na la kwangu lilikuwa baya, nikashindwa kwenda choo cha uani usiku. Rajabu alikuwa ananisindikiza kwa malipo.

Mjomba Rajabu: Malipo ni hizo kachori.

Salim: Sisi wa miaka ya tisini mlingoti tuliugeuza kaskazini, tunanasa KBC, tv ya Kenya, kutoka Mombasa. Katuni ya Captain Planet jamani! Pete tano: ardhi, moto, upepo, maji, moyo. Tulizisuka kwa ukuti. Ugomvi wote ni nani achukue moto.

Kassim: Na mie mdogo kila siku napewa moyo. Hakuna aliyeutaka. Mwenye pete ya moyo eti anaongea na wanyama. Nimeongea na mbuzi wa jirani mpaka jua limezama, kaishia kula pete.

Salim: Mwee 😂😂 Mie nilishika ardhi, nikawa Kwame, mwenye pete hiyo. Ndiye Mwafrika pekee mle, sikumwachia mtu.

Tunu: Wadogo zangu walikuta katuni ya Ubongo Kids, 2014 hiyo, TBC1. Akina Kibena na Koba wanauliza hesabu, mtoto anajibu kwa meseji. Baba alikuwa anaitafuta simu yake nyumba nzima.

Mjomba Rajabu: Hiyo nakubali. Na huyo Akili, mtoto anakaa chini ya Kilimanjaro, akilala anaota yuko na marafiki zake wanyama, anahesabu kwa Kiswahili. Mwanao hahitaji mkalimani wa darasa la sita. Ila za kwetu sidhani zilikuwa nzuri hivyo, ni uhaba tu ulizipamba.

Mamdogo Zuhura: Uhaba? Idi iliyopita nani alikutwa sebuleni anaangalia Tom na Jerry, watoto wamelala?

Mjomba Rajabu: Nilikuwa nasubiri taarifa ya habari.

Bi Mkubwa: 🎤 0:09

Salim: Bibi anasema toka mzime analojia 2013 mlingoti wake anaanikia nguo. Na king'amuzi kimekata jana. Nani analipa mwezi huu?

Kassim: Zamu ya mjomba

Tunu: Mjomba

Mamdogo Zuhura: Alikuwa hapa sasa hivi, ameshatoka mtandaoni 😂