Mkonga ya 97 inalala nyuma: springi mpya, kuongeza majani au shakoli ndefu?

NjiaYaNatron:
Wakuu heshima kwenu. Naomba mwenye uzoefu anisaidie maana kila fundi ninayemuuliza ana jibu lake, na hela yenyewe ni ya kuungaunga, sitaki kununua mara mbili. Nina Land Cruiser mkonga hadtopu, HZJ75 ya 1997, injini 1HZ, springi za majani mbele na nyuma, hazijawahi kubadilishwa tangu niinunue na nadhani hata mwenye gari wa kwanza hakuzigusa. Kazi yake ni kupeleka maji na vifaa vya kambi toka Mto wa Mbu, unapita Engaruka mpaka Ngaresero kule Natron. Wanaoijua ile njia wanajua, vumbi la volkano, mawe, afu yale makorongo ya chini ya mlima Lengai ukishuka vibaya bampa inachota mchanga kama koleo. Nikipakia nyuma inakaa kabisa, kila korongo nasikia GU! chuma kwa chuma, raba za kugongea zilishaisha kitambo. Na hata ikiwa tupu inalalia upande wa dereva.

Nataka niinue inchi 2 mpaka 4. Fundi wa kwanza kasema shakoli ndefu tu, vile vibao vinavyoshika ncha ya springi na chesisi, kazi ya nusu siku. Wa pili kasema tuongeze majani mawili nyuma tuyatoe kwenye springi za lori. Wa tatu kasema nunua seti nzima ya springi za Old Man Emu na shokapu zake, bei aliyonitajia ilibidi nikae chini. Matairi ninayotumia 7.50R16. Nifanye lipi jamani?

Chuga_Dizeli:
Shakoli mkuu usijitese. Mi niliweka kwenye pikapu yangu mwaka juzi, mbele na nyuma, gari ikasimama vizuri tu na hela nikabakiwa nayo. Steringi inakuwa nyepesi nyepesi ukifika 80 ila unazoea.

BabuSpringi:
Chuga_Dizeli mwanangu, hiyo steringi nyepesi usiizoee, hiyo ndo gari inakwambia imeumia. Nimefanya kazi ya springi tangu enzi za Land Rover 109, ngoja nieleze vizuri maana huyu kijana anabeba watu na maji kwenye njia ambayo ukikwama hakuna wa kukupitia mpaka kesho.

Shakoli inainua ncha moja tu ya springi na ekseli imekaa katikati, kwa hiyo ukitaka gari ipande inchi 1 lazima shakoli irefuke inchi 2. Piga hesabu ya inchi 4 uone unaning'iniza gari kwenye nini. Halafu ile ncha ikishuka, ekseli yote inazunguka kidogo. Mbele hapo ndo hatari, kasta inapungua, ile pembe inayofanya steringi irudi yenyewe ukitoka kwenye kona, ndo maana gari inaanza kuwinda barabara, unaendesha huku unarekebisha kulia kushoto muda wote. Na propela, ile shafti inayopeleka nguvu kwenye ekseli, pia inabadilika pembe, krosi, yaani viungo vyake, zinaanza kulia. Hilo ni tatizo la kwanza. La pili ni kwamba springi iliyochoka inabaki imechoka vilevile, umeipandisha kwenye stuli tu, ukipakia inalala palepale na GU yako unaisikia kama kawaida.

Majani ya lori nayo hapana. Majani ya springi yanafanya kazi pamoja kwa sababu yamekunjwa kwa mpango mmoja, kila moja linalilalia lenzake. Ukichomeka jani nene lenye mkunjo wake, halipindi sawa na wenzake, mzigo wote unaenda pale ncha yake inapoishia, na hapo ndipo namba moja, lile jani kuu la juu, inapokatikia. Mimi mwenyewe yalinikuta. Gereji moja iliniongezea jani la namna hiyo, nikaenda Longido na mzigo wa mahindi, kurudi nikasikia tairi ya nyuma inasugua madigadi. Kushuka nakuta senta bolti, ile inayobana majani katikati, imekatika, ekseli imerudi nyuma kama upana wa vidole vitatu upande mmoja, gari inatembea upande upande kama kaa. Nililala pale mpaka asubuhi na shilingi niliyookoa yote ikaenda kwa gari la kunivuta.

Sasa kabla ya kukwambia ununue nini nataka unipe vitu vitatu. Kwanza gari ikiwa tupu kwenye sakafu iliyonyooka, pima toka katikati ya habu, yaani kitovu cha gurudumu, kwenda juu mpaka ukingo wa madigadi, magurudumu yote manne. Pili, uwazi kati ya ekseli ya nyuma na pale raba ya kugongea inapokaa. Tatu ndo kubwa, nenda mizani, hata ile ya wanunuzi wa vyuma chakavu, pima ekseli ya mbele peke yake na ya nyuma peke yake, ukiwa tupu na ukiwa umepakia kama unavyopakia siku ya safari. Springi inachaguliwa kwa kilo inazobeba mwanangu, inchi zinakuja zenyewe.

NjiaYaNatron:
Shikamoo babu, asante sana kwa muda wako. Nimeenda mizani leo. Tupu, mbele 1,090 nyuma 1,080. Nimepakia, mapipa mawili ya lita 200 yamejaa, mahema, jiko, vyakula na watu watatu, mbele 1,150 nyuma 1,890. Habu mpaka madigadi nyuma kushoto sm 47, nyuma kulia 44 na nusu, mbele kushoto 49 kulia 48. Uwazi wa raba nyuma tupu ni sm 4 tu yani kiganja hakipiti. Kwenye "tupu" kuna vitu huwa havishuki, bampa ya chuma, keria ya chuma, spea tairi mbili, tenki la pili la dizeli na boksi la vifaa.

BabuSpringi:
Marahaba. Umefanya kazi nzuri, wengi wanakuja na picha ya gari la mtu mwingine wanasema nataka liwe hivi.

Sasa angalia. Pipa mbili za maji peke yake ni kilo 400, na zinashuka Ngaresero, kwa hiyo unaenda mzito unarudi mwepesi. Hapo ndo watu wanakosea, wanaona mzigo wa safari wanachagua springi nzito kuliko zote dukani. Ukirudi tupu gari inakuwa kama mkokoteni, nyuma inaruka kila tuta, matairi hayashiki chini, bodi inapasuka kwenye maungio. Kampuni za springi za Australia kama hao Old Man Emu wanazipanga kwa uzito wa kudumu, yaani kile kisichoshuka kwenye gari. Wewe cha kudumu ni bampa, keria, spea, tenki, boksi, kadiria kilo 250 mpaka 300 hivi. Chukua springi za nyuma za daraja hilo, la katikati, zenye jani moja au mawili manene ya chini yaliyonyooka. Ukiwa tupu yale hayagusi sana, majani ya juu ndo yanacheza, ukipakia springi inashuka inayalalia nayo yanabeba. Na angalia uzito wa juu wa gari zima uliowekwa na kiwanda, kilo zako zikiupita hakuna springi itakayokuhalalishia.

Kimo: inchi 2, basi. Na kumbuka springi zako zimeshalala, kwa hiyo seti inayoandikwa inchi 2 wewe unaweza kuona gari imepanda sm 7 au 8 nyuma, maana inahesabiwa toka kwenye springi ambayo haijalala. Inchi 4 kwa kazi yako unajitafutia hozi za breki fupi, krosi za kubadilisha kila mara na gari inayoyumba na maji juu. Tena kuinua kwa springi hakuinui difu, lile bonge la gia katikati ya ekseli, hata kidogo, difu inainuliwa na tairi tu. Hiyo 7.50R16 yako ina kama inchi 32, ukiweka za inchi 33 difu inapanda nusu inchi. Zako zinafaa, baki nazo.

Kulalia upande wa dereva, fanya jaribio la bure kabla hujanunua: hamisha springi za nyuma, ya kulia peleka kushoto. Ulalo ukihama na springi, springi ndo imekufa. Ulalo ukibaki kulia, tafuta kwenye chesisi au uangalie uzito umekaaje.

Marsabit_Express:
Hamjambo wote, niko upande wa Kenya. Mzee ameongea ukweli mtupu. Naongeza tu kuhusu shoki, nyinyi mnaita shokapu. Mimi naendesha Land Cruiser 79 ya kazi Marsabit kwenda North Horr na Loiyangalani, barabara iko na mikunjo kama bati kilomita kwa kilomita. Hapo springi haziumii sana, shoki ndio zinakufa. Ndani kuna mafuta, zikipiga haraka haraka mafuta yanachemka yanajaa povu, na povu halizuii kitu, gari inaanza kuelea. Kwa hivyo pesa ikiwa kidogo usinunue springi nzuri halafu uweke shoki za bei ya chini, afadhali uache mbele kwanza.

Kitu moja makanika mmoja mzee alinionyesha: ukimaliza kipande kibaya simama, sogeza kiganja karibu na kila shoki, usishike kwa nguvu utaungua. Zote nne zinafaa kuwa moto. Ile iko baridi ndio imekufa, haifanyi kazi, wenzake ndio wanabeba. Nimepata mbovu hivyo mara tatu bila kufungua nati hata moja.

Pia shusha upepo kidogo kwenye matairi na upunguze mwendo. Lakini kama 7.50 zako ni za tyubu usishushe sana, tairi inazunguka kwenye rimu inakata valvu ya tyubu.

Na usidanganyike na magari ya Rhino Charge, yale mashindano ya huku Kenya. Najua vijana wanaona zile picha wanataka gari juu kama ngamia. Hayo mashindano yako tangu 1989 na yamechangia pesa nyingi sana ya uzio wa msitu wa Aberdare, nayaheshimu kabisa, lakini gari zile zimetengenezwa kupita mahali hakuna barabara kwa siku moja, na gereji nzima inazingoja. Wewe unabeba maji ya watu.

NjiaYaNatron:
Asanteni sana, nimepata mwanga. Nimehamisha springi kama babu alivyosema, ulalo umehamia kushoto, kwa hiyo springi ndo imekufa. Hela niliyonayo inatosha nyuma tu: springi, shokapu, bushi (zile raba za kwenye macho ya springi) na yu-bolti zinazofunga springi na ekseli. Mbele nasubiri msimu. Ni sawa nikianza hivyo? Na kuna kitu cha kuangalia siku ya kufunga, maana fundi wangu ni mzuri ila ana haraka.

BabuSpringi:
Ni sawa kabisa, mbele yako 49 na 48 haijalala sana. Ila taa zitaelekea chini kidogo, zirekebishe.

Siku ya kufunga simama pale pale. Yu-bolti za zamani zisirudi, zilishavutika, hata zikionekana nzima. Pini za bushi na shakoli zifungwe kwa mkono tu gari ikiwa kwenye jeki, zikazwe mwisho kabisa gari ikiwa imeshushwa imesimama kwa magurudumu yake. Akizikaza juu ya jeki, raba ya bushi inashikwa imejipinda, ukishusha gari inabaki imesokotwa na ndani ya miezi michache imechanika. Hiyo ndo haraka ya mafundi wengi. Asichomelee kitu chochote kwenye springi, wala asiipige moto kuikunja, chuma cha springi kikipata moto wa ovyo nguvu yake imeondoka.

Mwambie ainue chesisi mpaka ekseli ining'inie, muangalie hozi ya breki ya nyuma. Ikiwa imevutika kama kamba ya gitaa, ibadilishwe kwa ndefu kabla gari haijatoka. Na hili wengi hawalijui: angalia kama gari yako ina ile valvu ya breki juu ya ekseli ya nyuma yenye fimbo inayoshuka mpaka kwenye ekseli. Ile inasoma mzigo. Ukiinua gari fimbo inavutwa, valvu inadhani uko tupu, inapunguza breki za nyuma, na wewe unateremka na kilo 800 nyuma breki za mbele zinafanya kazi peke yake. Fimbo irekebishwe irudi pembe yake ya zamani.

Ukirudi safari ya kwanza kaza yu-bolti tena, na baada ya kilomita 500 tena.

NjiaYaNatron:
Nimerudi jana wakuu. Nyuma imepanda sm 7 kushoto na 9 na nusu kulia, sasa ziko sawasawa, 54 na 54. Nimeenda na mapipa mawili yamejaa, makorongo yote manne hakuna GU hata moja, yule mpishi wangu ndo aligundua kwanza, akasema leo mayai yamefika mazima. Valvu ya fimbo ipo kweli na ilikuwa imevutika, tumeirekebisha. Hozi ya breki tumebadilisha. Yu-bolti nimezikaza leo asubuhi, zimekubali kama robo mzunguko kila nati. Shokapu zote mbili za nyuma zilikuwa moto, ya mbele kushoto BARIDI kabisa, Marsabit_Express Mungu akubariki.

Swali la mwisho babu. Springi za zamani ziko uani, mhunzi kaja anazitaka zote za kutengenezea panga na majembe. Nimpe?

BabuSpringi:
Nimefurahi sana mwanangu. Mpe, ila chagua kwanza namba moja, lile jani lenye macho pande zote, la ile springi ambayo haikuwa imelala. Lisugue kutu, ulipitie lote kwa kucha pembeni na kuzunguka tundu la katikati, ukikuta ufa liende kwa mhunzi. Likiwa safi lipake grisi, lifunge juu ya keria pamoja na senta bolti mbili na zile yu-bolti za zamani, hiyo ndo kazi zilizobaki nayo, kukufikisha nyumbani tu. Na hiyo shokapu ya mbele badilisha zote mbili, usiweke moja.