Risechi ya mwaka wa mwisho kwa MD (digrii ya udaktari), uuguzi na famasi: ibaki lazima au iwe hiari?

Daktari_Kandambili (mleta mada)
Wakuu, salaam. Naleta hoja, tujadili bila matusi.

Vyuo vyetu vingi vya afya havikupi joho la digrii ya kwanza bila risechi. Andika propozali, mtafute supavaiza asaini, subiri kamati ya maadili, omba barua ya mganga mkuu wa wilaya, zunguka na dodoso, chambua, andika ripoti, kaibaindi. Yote haya ukiwa mwaka wa mwisho, una zamu wodini na mitihani iko mlangoni.

Naona iwe hiari. Mwenye wito wa utafiti afanye. Wengine wapewe ukaguzi wa mafaili: kaa na mafaili ya akina mama waliopata kifafa cha mimba, angalia nani alipewa magnesiamu salfeti mapema, nani alicheleweshwa, dawa ilikuwepo stoo au haikuwepo, kisha idara nzima ikae isikilize. Hiyo inambadilisha hata bosi wa wodi. Risechi za sasa zinaishia kabatini.

Na tusidanganyane, wengi wanapika data. Wanapeleka kwa wauza steshenari wa getini wasiojua hata kifua kikuu ni nini, wanapigiwa SPSS, ile programu ya kuchambua takwimu, kazi imeisha. Supavaiza naye anasaini bila kusoma.

Spairo_Baindingi
Mengine sijasoma. Nimesimama hapo kwenye "wauza steshenari wasiojua hata kifua kikuu".

Mimi nina digrii ya takwimu. Ajira sijapata, nimefungua duka, silalamiki. Hao madaktari wako wanakuja kwangu usiku na kesho asubuhi wanawasilisha. Nafungua Eksel yake: umri mmoja ameandika 34, wa chini yake "thelathini na tano kasoro". Mjamzito ana jinsia ME. Nikimaliza kumtolea p, namba inayoonyesha kama matokeo yanaweza kuwa ya bahati tu, ananiuliza, "Kaka, hii p imetoka 0.3, huwezi kuishusha kidogo?" Sasa kati yangu na yeye nani hajui kazi yake?

Ngongo_Mkavu
"Huwezi kuishusha kidogo" 😂😂 kama yuko Kariakoo anapatana bei ya viatu.

Daktari_Kandambili
Mkuu Spairo, sikukulenga wewe binafsi. Turudi kwenye mada.

Spairo_Baindingi
Umenilenga. Getini kwetu steshenari zinazopiga SPSS tunajulikana.

Dodoso384
Mimi ndiyo niko mwaka wa mwisho, nipo katikati ya huo moto. Nakubali ni mateso, ila mleta mada usituwekee wote kapu moja. Nimetembea na dodoso mwenyewe, jua la saa saba, sina hata nauli ya bodaboda. Kwenye mkopo kuna kipengele cha utafiti, lakini asilimia niliyopangiwa mimi inaishia kwenye kuprinti. Bumu la chakula ndilo limefanya risechi.

Ngongo_Mkavu
Jina lako tu limeshajieleza dogo. 384!

Dodoso384
Unacheka nini? Ndiyo fomula ya idadi ya watu wa kuhoji. 1.96 kipeo cha pili, mara 0.5, mara 0.5, gawa kwa 0.05 kipeo cha pili. 384. Supavaiza mwenyewe kapitisha.

Spairo_Baindingi
Fomula iko sawa, matumizi ndiyo msiba. Kliniki inapokea wajawazito 200 kwa mwezi, wewe umekaa pale wiki mbili, ripoti inasema umehoji 384. Uliwatoa wapi, uliwazaa? Kituo chenye watu wachache kina marekebisho yake, sampuli inashuka. Tena 384 ni pale unapoweka 50% kwa sababu hujui ukubwa wa tatizo. Kama kuna utafiti wa nyuma unaosema ni 12%, weka 0.12, utapata kama 162. Hamsomi, mnakopi fomula kwa kaka zenu waliotangulia.

Mwl_Msimamizi
Nimepita kimyakimya lakini hili la "supavaiza anasaini bila kusoma" siliachi.

Mnajua mhadhiri mmoja anasimamia wanafunzi wangapi? Asubuhi niko raundi, mchana kliniki, siku nyingine tieta, jioni nina masta wawili wanaolia. Halafu mwanafunzi ananiletea propozali Ijumaa saa kumi, anataka saini Jumatatu, na nikifungua ukurasa wa kwanza nakuta jina la chuo kingine hakulifuta. Nasoma. Ndiyo maana nawarudishia, na ndiyo maana mnasema sina roho.

Kuhusu hoja yenyewe: risechi ya digrii ya kwanza haikuwekwa ili mgundue chanjo. Imewekwa ili ukiwa daktari wa wilaya peke yako uweze kusoma makala na kusema hii sampuli haitoshi, hawa hawakuwa na kundi la kulinganisha. Daktari asiyeweza hilo atamwamini kila mtu wa kampuni ya dawa anayeingia ofisini na kalamu za bure.

Ngongo_Mkavu
Mwalimu kumbe na nyie mnalia 😂

Kaka_Mkuu_Iringa
Mnaotaka risechi iondolewe mna laana ya kudharau vya kwenu. Erasto Mpemba aligundua Mpemba Effect, kwamba cha moto kinaweza kuganda kabla ya cha baridi, akiwa mwanafunzi wa Mkwawa, kijana wa sekondari! Dunia nzima inafundisha jina lake. Hakuwa na supavaiza wala bumu. Nyie mna kompyuta mnalia.

Mbeba_Maboksi
Magamba, Lushoto. Siyo Mkwawa.

Kaka_Mkuu_Iringa
Mkwawa. Mimi nimesoma pale, usinifundishe historia ya shule yangu.

Mbeba_Maboksi
Mkuu, kusoma pale hakukupi hati miliki. 1963 alikuwa kidato cha tatu Magamba, wanatengeneza aiskrimu. Wenzake wanachemsha maziwa na sukari, wanasubiri yapoe, ndipo wanaweka kwenye friza. Yeye aliona nafasi inaisha akaweka ya moto, yakaganda mapema kuliko ya jirani. Mkwawa alikwenda baadaye, na huko ndiko alikomuuliza Dk. Osborne aliyekuja kutoka chuo kikuu Dar. Wenzake wakamcheka. Osborne akajaribu, wakachapisha pamoja 1969.

Kaka_Mkuu_Iringa
Kwa hiyo swali liliulizwa Mkwawa. Bila swali kuna ugunduzi? Umenisaidia.

Mbeba_Maboksi
🤦🏾

Mchumi_Jalala
Na mpaka leo wanafizikia wanabishana kama jambo lenyewe lipo kweli. Wengine wamerudia wakasema ni kipimajoto kuwekwa mahali tofauti.

Kaka_Mkuu_Iringa
Haya sasa! Akigundua Mzungu ni sayansi, akigundua kijana wa Kitanzania ni kipimajoto.

Famasia_Mpole
Mnaenda mbali, mifano ya afya ipo. Langerhans alikuwa bado mwanafunzi wa udaktari Berlin alipoviona vile visiwa vya kongosho, akaviandika kwenye tasnifu yake 1869. Hakujua vinafanya kazi gani. Insulini, inayotengenezwa humo, ilikuja zaidi ya miaka hamsini baadaye. Yaani aliandika alichokiona, basi, bila kupika matokeo. Hicho ndicho tungewadai hata wanafunzi wetu.

Kaka_Mkuu_Iringa
Hatumzungumzii Mjerumani hapa.

Nesi_Mkongwe
Niwarudishe wodini maana mmehamia kwenye friza.

Jumatatu asubuhi kliniki ya wajawazito. Mama amefika alfajiri, hajanywa chai, anasubiri presha, wingi wa damu, kipimo cha VVU na kaswende. Anakuja mwanafunzi na dodoso la kurasa nane. Hajamaliza, anakuja wa chuo kingine, maswali yale yale: unazijua dalili za hatari? Mama anajibu ndiyo, ndiyo, ndiyo, ili aachwe. Halafu ripoti inasema uelewa ni mkubwa. Uelewa gani? Njaa ile.

Kila mwaka mada ya risechi ni ile ile: uelewa, mtazamo na vitendo. Hakuna anayeuliza kwa nini mashine ya presha ni moja.

MamaWawili
Dada Nesi, mimi ndiye huyo mama. Siyo daktari wala nesi, nauza vitenge, uzi huu nimeletewa na mdogo wangu.

Nilipewa karatasi nisaini, nikadhani ni ya sindano. Binti alikuwa mpole, sina ugomvi naye. Maswali ya mwanzo yalikuwa mepesi. Ghafla akaniuliza kama mume wangu amewahi kunipiga. Pembeni yangu, benchi hilo hilo, amekaa wifi yangu. Nikasema hapana. Mlitegemea niseme nini? Na majibu yetu mnayapeleka wapi, maana hakuna aliyewahi kurudi kutuambia chochote.

Mwl_Msimamizi
Mama, pole sana. Hilo halikupaswa kutokea. Maswali ya ukatili yanaulizwa kwenye chumba, mtu akiwa peke yake, na aliyehitaji msaada anaelekezwa pa kwenda. Hiyo ndiyo kazi ya kamati ya maadili.

Daktari_Kandambili
Na kamati ilipitisha, mwalimu. Ndiyo ninachosema. Kamati inasoma karatasi, haiji kukaa kwenye benchi.

Mchumi_Jalala
Kamati za maadili ni urasimu tu wa kuigwa. Zilianzishwa baada ya Wamarekani kuwadunga watu weusi kaswende kule Tuskegee. Sisi dodoso linamdunga nani?

Famasia_Mpole
Tuskegee hawakudungwa. Wengi walikuwa tayari na kaswende, wakafuatiliwa tangu 1932 hadi 1972 bila kuambiwa ukweli, na penisilini ilipopatikana wakanyimwa. Waliodungwa ni Guatemala, miaka ya 1940. Na soma tena alichoandika MamaWawili ndipo uniulize dodoso linamdunga nani.

Mchumi_Jalala
Sawa msomi. Tuskegee, Guatemala, tofauti ni nauli tu.

Wakili_Njaa
Hata huo ukaguzi wa mafaili wa mleta mada una shimo. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, ilianza kazi Mei 2023, na taarifa za afya zimo kwenye kundi la taarifa nyeti. Nimeshuhudia wanafunzi wanapiga picha rejista kwa simu, majina na namba za simu za wagonjwa zinaonekana, kisha zinatumwa kwenye grupu la wasapu "ili tugawane kuingiza data". Mgonjwa akijua, nani anakwenda mahakamani? Mwanafunzi, supavaiza au hospitali?

Daktari_Kandambili
Ukaguzi unaweza kutumia namba ya faili tu, tena ya kificho.

Wakili_Njaa
Unaweza. Mnafanya?

Nairobi_Kwa_Miguu
Ndugu zangu wa TZ, huku Kenya kuna kamati ya maadili na bado unatakiwa leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, kwa ile sheria ya sayansi ya 2013. Mwanafunzi anaweza kumaliza semista akifuata karatasi tu. Nyinyi mna bahati.

Bahati_Nasibu
Bahati gani? Huku ukiwa mwanafunzi unapita kwenye kamati ya chuo, ila kazi ikikua inakwenda NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, ambayo ipo kwa sheria ya 1979. Ukivuka maji kwenda Unguja, Zanzibar wana taasisi yao ya utafiti wa afya na kamati yao. Nilikuwa na mada iliyogusa pande mbili, nikaambiwa vibali viwili. Nikabadilisha mada. Nikafanya uelewa, mtazamo na vitendo 😂

Nesi_Mkongwe
Bahati_Nasibu, kumbe ni wewe uliyenisumbulia akina mama.

Daktari_Kandambili
Wakuu, naomba niulize tena. Lazima au hiari? Na kama lazima, kwa nini kikundi cha watu wanane wasifanye kazi moja kubwa, wakarudi kituo kile kile kuwaeleza watu walichopata? Mama ameuliza majibu yanakwenda wapi na hakuna aliyemjibu.

Kaka_Mkuu_Iringa
Kikundi cha wanane, wawili wanafanya kazi, sita wanaandikwa majina. Hata Mpemba angekuwa kwenye kikundi jina lake lisingekuwepo.

Mbeba_Maboksi
Makala ile ilikuwa na majina mawili, Mpemba na Osborne. Hicho kilikuwa kikundi.

Kaka_Mkuu_Iringa
Wewe maboksi yamekushinda, unatafuta shule ya kudandia.

Spairo_Baindingi
Mimi naunga mkono kikundi. Watu wanane bei ni moja, sina hasara, na data inakuwa moja badala ya nane za uongo. Ila mleta mada hujaniomba radhi.

Daktari_Kandambili
Nikuombe radhi ya nini, umekiri hapa hapa unawachambulia wasichokijua!

Spairo_Baindingi
Nawachambulia. Siwaandikii majibu. Tofauti hiyo ungefundishwa kwenye risechi unayotaka iondolewe.

Ngongo_Mkavu
Hilo limeingia 😂😂 mleta mada kunywa maji.

Dodoso384
Samahani wakuu kuingilia. Sampuli yangu ni 384, supavaiza amesema niongeze 10% ya watakaokataa kujibu. Nimezidisha kwa 1.1 nimepata 422 na ushee. Mwenzangu kapata 427. Ipi sahihi? Napeleka kesho.

Mwl_Msimamizi
Gawa kwa 0.9. Unataka wakishakataa wale 10% bado ubaki na 384. Na kabla ya hapo jibu swali la Spairo: kliniki yako ina wajawazito wangapi kwa mwezi?

Dodoso384
Kama 150 hivi mwalimu.

Spairo_Baindingi
Njoo dukani. Uje kabla ya saa mbili usiku, siku hizi nafunga mapema. Na uje na rejista ya mahudhurio, siyo picha ya simu.