Mapenzi ya vampaya: mbona yananoga hata ukiziona kasoro zake?

BiKurasa:
Wanajukwaa, habari za jioni.

Kuna kikao cha klabu ya vitabu kinaandaliwa, wasichana wa miaka 15 hadi 18, cha muda wa saa moja na nusu tu. Wamechagua wenyewe Twilight ya Stephenie Meyer, riwaya ya Bella, msichana wa shule, na mpenzi wake Edward, ambaye ni vampaya, yaani mnyonya damu. Tatizo ni kwamba wengi wanaisoma kwa kujificha. Wanaipenda, lakini wanaona haya kusema wanaipenda, kwa sababu kasoro zake zinajulikana: Edward anaingia chumbani kwa Bella usiku kumtazama akilala, Bella anaokolewa kila mara, na nyumbani ndiye anayempikia baba yake.

Naomba msaada kwa mambo matatu. Utamu wake unatoka wapi hasa? Nafasi ya msichana na mvulana izungumzwe vipi bila kuwahubiria? Na wapo wawili wanaoandika hadithi zao za namna hii: wachukue nini humo, waache nini?

KalamuNaWino:
Dada BiKurasa, anza na utamu, maana ukianza na kasoro watakunja uso na mazungumzo yatakufa dakika ya kumi.

Watu hudhani msomaji anavutwa na uzuri wa Edward. Uzuri unasaidia, lakini mtambo wenyewe uko kwingine. Fungueni sura ya 11. Edward anashinda siku nzima akimuuliza Bella maswali madogo: rangi, sinema, vitabu, vito. Kwenye vito Bella anajibu topazi, kisha uso unamwiva, kwa sababu hadi juzi juzi kito chake kilikuwa kingine, na topazi ni rangi ya macho ya Edward siku hiyo. Hakuna busu hapo wala damu. Kuna mtu anayesikiliza jibu, anashika, anauliza tena. Msichana wa miaka 16 ambaye nyumbani anaulizwa tu kama amefua na kama amemaliza kazi za shule anaona kiu yake imeandikwa pale. Hicho ndicho kinachomfanya afunue ukurasa saa saba usiku.

Cha pili ni kujizuia. Edward anaitamani damu ya Bella kuliko ya mtu yeyote, na anajizuia. Kwa hiyo kila mguso una hatari ndani yake, na mwandishi anaweza kukaa kurasa tatu kwenye mkono unaogusa shavu bila msomaji kuchoka.

Cha tatu ni sauti. Bella anasimulia mwenyewe, kwa nafsi ya kwanza, na maumbile yake hayaelezwi sana. Msomaji anavaa nafasi yake kama kanga ya kuazima.

Sasa kasoro. Tazama jinsi mambo hayo matatu yanavyozibeba. Usikivu wa Edward ukisogea hatua moja unakuwa upelelezi: ndiyo ile habari ya kumtazama akilala, ambayo Bella anaijua sura ya 14. Mwanzo anashtuka, mara anaona haya kwa maneno aliyoyatamka usingizini, na hasira inayeyuka. Na kwa kuwa yeye ndiye msimulizi, asipokasirika naye msomaji hakasiriki. Wasichana wakiuona mshono huo mara moja, watauona katika kitabu kingine chochote.

Mfano mkali zaidi uko Eclipse, kitabu cha tatu, cha 2007. Bella anataka kwenda kwa Jacob, rafiki yake anayeweza kugeuka mbwamwitu; Edward anachomoa kifaa kwenye injini ya gari lake lisiwake. Bella anapanda chumbani, anafunga dirisha kwa kishindo, ishara kwamba leo usije. Anakitazama kioo cheusi mpaka kinatulia. Kisha anashusha pumzi na kulifungua lote. Someni aya hiyo kwa sauti, mara mbili, halafu waulize: dirisha lilifunguka kwa sababu gani? Usijibu wewe. Mtapata majibu manne au matano, na kila moja lina ushahidi wake.

Kwa haki ya kitabu, baadaye humo humo Edward anaacha kumzuia, tena anampeleka mwenyewe hadi kwenye mpaka wa eneo la mbwamwitu. Wengi husahau.

Mdau_wa_Riwaya:
Nakubaliana na Kalamu kuhusu dirisha. Ila mnamtazama sana Edward, wakati mambo mazito zaidi yako upande wa mbwamwitu, na yanapita kimyakimya.

Emily ana makovu usoni kwa sababu Sam, wa kundi hilo la mbwamwitu, anayempenda, alipandwa na hasira akageuka mbwamwitu akiwa karibu mno naye. Kitabu kinaeleza majuto ya Sam na busu zake juu ya kovu. Emily mwenyewe tunamwona zaidi jikoni, akiwalisha vijana. Kule Eclipse tena, Jacob anambusu Bella kwa nguvu, Bella anampiga ngumi anaumia mkono yeye, na baba yake, ambaye ni polisi, anampongeza Jacob. Hapo hakuna utamu wa kutetea. Mpeni msichana ruhusa ya kupenda sura ya 11 na kuichukia hiyo siku moja. Si lazima kitabu kipite chote au kianguke chote.

Halafu kuna kipimo kilicho tayari, mwandishi amekifanya mwenyewe. Mwaka 2015 alitoa Life and Death, hadithi ile ile jinsia zikiwa zimebadilishwa: Bella amekuwa Beau, Edward amekuwa Edythe. Hoja yake ilikuwa kwamba Bella anaokolewa kwa kuwa ni binadamu kati ya viumbe wenye nguvu, si kwa kuwa ni msichana. Wekeni kurasa za kuokolewa za vitabu viwili kando kwa kando. Sehemu kubwa ya hoja inasimama: Beau naye anaokolewa, Beau naye anapika. Lakini pia utasikia Edythe akimchungulia mvulana aliyelala na sentensi haina uzito ule ule. Kilichopungua ni hofu ambayo msomaji huja nayo kutoka kwenye maisha. Hakuna mwandishi anayeweza kubadilisha hiyo kwa kubadilisha majina.

BiKurasa:
Asanteni sana. Na hiyo haya ya kusoma? Mmoja amekiweka ndani ya jalada la kitabu cha Biolojia.

KalamuNaWino:
Hilo lina historia. Mwaka 1984 Janice Radway, mtafiti wa Marekani, alichapisha utafiti wa wanawake wasomaji wa riwaya za mapenzi katika mji mmoja. Walimweleza kwamba kitendo chenyewe cha kusoma ni muda wao. Kitabu kikiwa mkononi, mume na watoto wanasubiri. Kwa hiyo haya inatoka sehemu mbili: kilichomo kitabuni, na ule ujasiri wa kujipa muda. Zitenganisheni. Mvulana anayeangalia sinema ya mtu mmoja akiua hamsini haambiwi ajifiche, na ndoto ile nayo ni ndoto.

Kwa waandishi wawili:

Bakini na maswali madogo, hatari inayozuiwa, na nafsi ya kwanza. Acheni vitu vinavyofungwa: gari, mlango, simu. Mvulana akiwa na hofu, aiseme, kisha msichana aamue, na uamuzi wake ulete matokeo ukurasa unaofuata. Wachukue kurasa tatu walizoandika, wapigie mstari kila kitenzi ambacho mtendaji ni msichana. Wakikuta ni "nikaona, nikahisi, nikatetemeka" tu, hapo ndipo pa kurekebisha. Wampe jambo moja analolitaka lisilopitia kwa mvulana. Bella anapata nguvu yake halisi, ile ngao inayoikinga familia nzima, mwishoni mwa Breaking Dawn, baada ya ndoa, uzazi, na kufa akageuka vampaya. Wao wasingoje kitabu cha nne.

Neno pia walichague kwa makini. "Mnyonya damu" linaeleweka, lakini "mumiani" liachwe. Kwetu mumiani ni hofu ya tangu ukoloni, watu wa kukamata wengine gizani na kuwakamua damu. Ukimwita mpenzi hivyo, msomaji wa Pwani hatayeyuka, atakimbia. Vampaya inatosha.

Mdau_wa_Riwaya:
Muda wa kikao: dakika 25 sura ya 11, 25 dirisha, 25 Emily na Life and Death, 15 zibaki kwa waandishi wasome walichoandika. Nakala mbili za kila ukurasa kwa watu watatu zinatosha. Na huyo wa Biolojia apewe kusoma aya ya dirisha, kama atakubali.