Tenki la maji la gari la safari linanuka na ndani kuna utelezi, nisafishe vipi?

Njiro_4x4
Heshima kwenu wakuu. Kuna Land Cruiser ya kambi hapa Arusha: tenki la plastiki lita 100 chini ya sakafu, pampu ya volti 12, bomba la sinki na bomba la kuogea kule nyuma. Imelala tangu masika na maji nusu tenki. Sasa maji yananuka tope, na ukiingiza kidole kwenye mdomo wa kujazia unakuta utelezi. Wageni wanaingia Jumatatu, siku nane Serengeti na Natron. Jiki kiasi gani? Kuna fundi anasema nimwage chupa nzima.

BombaLaNdani
Chupa nzima hapana mkuu, utaiua mipira ya pampu bure.

Kwanza utelezi. Hiyo ni tabaka la vijidudu, na klorini ya jiki ikikutana nalo inaishia hapohapo juu juu, chini vijidudu vinabaki hai. Mwaga maji yote kwa koki ya chini. Vua kofia ya kujazia, ng'oa ule mpira wake mweusi na usugue mfereji unamokaa mpira huo. Uchafu mwingi hujificha hapo. Fungua pia kichujio kidogo cha wavu kabla ya pampu. Utakuta mchanga, na mara nyingi vipande vidogo vya plastiki vilivyobaki tangu tenki lilipotobolewa.

Filta zote toa katriji zake (kile kiini cha kuchujia) kabla ya dawa. Katriji ya mkaa inakula klorini, bomba la mbele yake halitapata kitu.

Jiki iwe ya kawaida, isiyo na harufu ya limau wala rangi. Soma lebo: ikiwa ni 3.5%, lita 100 zinataka ml 150, unapata kama mg 50 kwa lita. Ikiwa ni 5%, ml 100 zinatosha. Chupa iliyokaa mwaka dukani juani imepungua nguvu, nunua mpya. Ichanganye kwenye ndoo ya maji kwanza, mimina, kisha jaza mpaka maji yachungulie kwenye kipumulio, lile tundu la hewa la tenki. Ukijaza nusu, dari ya tenki haiguswi.

Washa pampu, fungua bomba moja moja mpaka harufu ya klorini itoke, funga. Lile la kuogea la nyuma ndilo watu husahau. Acha masaa 4, au usiku mzima kwa hali uliyoeleza. Zungusha gari mtaani kidogo, maji yapige kuta. Mwaga, suuza mara mbili au tatu. Harufu ya tope ikirudi, rudia zoezi lote, usiongeze dozi.

Mama Kambi
Naongezea upande wa kunywa, maana hiyo mg 50 ni ya kuosha tu. Maji ya kunywa yakiwa maangavu, lita 100 zinataka kama ml 6 za jiki ya 3.5%. Pima kwa sirinji, kifuniko cha chupa kinadanganya. Subiri nusu saa. Harufu ya klorini isikike kwa mbali. Isiposikika kabisa, maji yana uchafu ulioimaliza. Maji ya tope usiyatie tenkini, yatulize kwanza kwenye ndoo kwa shabu.

Ila kwa Arusha tatizo kubwa ni floraidi, ile madini ya kwenye maji inayoharibu meno. Klorini haiigusi, mkaa wa kawaida hauigusi, na kuchemsha kunaizidisha kwa sababu maji yanapungua yenyewe inabaki. Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha mg 1.5 kwa lita, na visima vingi kuzunguka Meru vinapita hapo. Natron ndiyo usiseme. Safari ya siku nane haitamharibu mgeni meno, lakini dereva anayekunywa mwaka mzima ni habari nyingine. Inaondoka kwa filta ya mkaa wa mifupa au mashine ya osmosi, ile inayosukuma maji kupita kwenye utando mwembamba. Mimi ningeacha tenki liwe la kupikia, kuoshea na kuoga, ya kunywa yabebwe kwenye madumu yake.

Njiro_4x4
Shukrani sana. Katriji ya mkaa niirudishe pale maji yanapoingilia tenkini?

BombaLaNdani
Hapana. Pale utakuwa umeondoa klorini halafu unayalaza maji bila ulinzi kwenye joto. Kwenye kuingilia weka ya uchafu, maikroni 5. Ya mkaa ikae mwisho, chini ya sinki, na iwe mpya. Iliyolala na maji tangu masika itupe.

Kijenge77
Siki inasaidia kwa chumvi nyeupe kwenye bomba?

Mama Kambi
Inasaidia, ila isikutane na jiki hata kidogo, hiyo gesi yake inakaba kifua. Fungua ncha ya bomba, iloweke kwenye kikombe cha siki pembeni, suuza, rudisha.

Na gari likipaki tena: mwaga yote, koki ya chini iache wazi, funga wavu kwenye kipumulio. Mende wanakipenda.