Mhadhiri anyimwe cheo kwa sababu hajanukuliwa sana? Mimi nakataa

Jamani wana Mombasa naomba tulijadili hili manake limenikaa rohoni wiki nzima. Kuna mhadhiri mmoja hapa mjini, simtaji jina wala chuo, kazi yake ni kukokotoa mwendo wa maji kwa kompyuta, yaani unachukua mlango wa bahari kama ule wa Kilindini unaukatakata vijisehemu maelfu kwa maelfu, alafu kila kijisehemu unakipigia hesabu za Navier na Stokes ujue maji yanaelekea wapi, kwa kasi gani, na bamvua likija inakuwaje. Juzi kanyimwa cheo. Sababu? Indeksi yake ya h ni 6. Faili likafungwa, na nilivyoelezwa hakuna aliyekaa akasoma hata pepa yake moja.

Kwa wasiojua, indeksi hio aliileta mwanafizikia Jorge Hirsch wa California mwaka 2005. Ukiwa na pepa 6 ambazo kila moja imenukuliwa mara 6 ama zaidi, h yako ni 6. Sasa tizama: mtu ana pepa 3 tu na kila moja imenukuliwa mara elfu, h yake ni 3, haipandi ng'o. Na Hirsch mwenyewe kwenye pepa ile ile aliandika kwamba namba moja haiwezi kumueleza mtu ila kwa makadirio tu. Hapo wakubwa wetu wanaparuka.

Alafu fani hii ina mambo yake. Launder na Spalding mwaka 1974 waliandika kuhusu modeli ya k-epsilon ya kukadiria msukosuko wa maji na hewa, na mpaka leo watu wakiitumia wanawanukuu, awe anapiga hesabu ya bomba la mafuta ama ya upepo kwenye ukumbi. Wanastahili, sibishi. Lakini yule anaeshinda na mashua Likoni akipima mkondo, bamvua na maji mafu, kaskazi na kusi, apate kujua kompyuta yake inasema kweli ama inaongopa, huyo anukuliwe na nani? Wanaoandika kuhusu mlango wa Kilindini duniani ni wangapi? Nahodha akifaidika na kazi ile haandiki pepa. Na programu aliyoiandika mwenyewe akawapa wanafunzi bure haihesabiwi kabisa, kama kwamba iliota kama majani.

Jibu:
Kaka mimi siko na wewe. Umesahau tulikotoka? Pasipo na namba, cheo ni cha mpwa wa fulani. Namba haikuulizi kabila wala babako ni nani. Mimi ni mtoto wa Kisauni, sina mtu ndani, niko kwa utafiti wa malaria na nilipanda kwa pepa zangu, walitaka kuniruka wakashindwa manake hesabu ilikuwa mezani. Ukiondoa namba sisi wanyonge tunashikilia nini?

Mwenye mada:
Dadangu hapo umenigusa na hilo la kujuana silikatai, limewaumiza wengi. Lakini angalia, kwenye malaria maabara ni nyingi, pepa moja yaweza kuwa na majina ishirini, na kunukuliwa kwenu ni haraka kuliko kwa watu wa maji. Ukimpima mvuvi na mkulima kwa kilo za samaki mkulima atalala njaa. Na hio namba nayo si moja, inategemea mtandao unaohesabu nukuu: Google Scholar inahesabu mpaka tasnifu za wanafunzi, Scopus inahesabu majarida iliyoyachagua, kwa hivo mtu mmoja siku moja ana h mbili. Ni ipi iliyo mezani?

Ninachotaka mimi ni hiki, mtu alete kazi zake 4 anazojivunia, programu na vipimo vya baharini vikiwemo, zipelekwe kwa wasomaji wawili wa fani ile ile wasiomjua, waandike ripoti, na yeye mwenyewe apewe nakala aisome. Mpwa wa mkubwa hapenyi hapo. Wala si ndoto zangu, tangu Azimio la San Francisco la 2012 wanasayansi wanasema kazi ipimwe kwa yaliyomo, isipimwe kwa sifa ya jarida lililoichapa.

Jibu:
Huyo mwalimu kama ndie ninaemdhania alinifundisha mimi. Tulikuwa hatuna pesa za leseni akatuwekea OpenFOAM, programu ya bure ya kukokotoa mwendo wa maji, kwenye laptopu kuukuu, akakaa na sisi mpaka magharibi. Mkiamua kuandika rufaa mimi nitatia sahihi.

Jibu:
Mimi bado nataka namba ibaki, lakini hio ya ripoti mtu apewe nakala, hio naikubali. Kaka, kama rufaa iko, niletee rasimu niisome kwanza.