HiAce ya Baba inagonga

Kikundi: Nyumbani Kimara

JUMATATU

Salma 19:12
Assalamu alaykum wote. Shikamooni wazazi. Ndiyo nimetoka gereji na HiAce. Fundi kasikiliza dakika mbili, kasema beringi za konrodi, ule mkono wa chuma unaoshikilia pistoni, zimelika, lazima injini ishushwe. Milioni mbili na laki nane, spea na ufundi. Siku nne.

Mama 19:14
Waalaykum salaam. Marahaba mwanangu. Siku nne, na harusi kule Soni, Lushoto, ni Jumamosi hii?

Kaka Rashidi 19:15
Waalaykum salaam. Tuchange jamani, siku zenyewe hizo zinakwenda. Mimi natoa laki nane usiku huu. Mwanaidi, Idrisa, semeni mna ngapi. Bibi na nyonga yake ile hawezi kukaa kwenye kiti cha basi mpaka Lushoto, wote tunalijua hilo.

Mwanaidi 19:18
Laki tatu, kaka. Mshahara bado. Ukitoka tarehe 28 naongeza.

Idrisa 19:19
Ujumbe huu umefutwa

Idrisa 19:20
Nilikuwa nasema tukodi Noah, halafu nikamkumbuka Bibi. Alale wapi humo? Kitanda alichotengeneza Baba ndani ya HiAce ndicho kinachomfaa.

Mjomba Athumani 19:31
Waalaykum salaam wanangu. Shemeji, dada, hamjambo. Hebu zishikeni kwanza hizo pesa. Salma mama, dakika mbili hazitoshi kuihukumu injini ya dizeli ya 5L kama hiyo. Niambie kitu kimoja: inagonga zaidi asubuhi ikiwa ya baridi, au ikishapata moto?

Salma 19:33
Shikamoo mjomba. Asubuhi ndiyo zaidi. Nikiwasha tu, ko ko ko ko, mpaka jirani anachungulia. Nikifika Ubungo imepungua, ila haiishi.

Mjomba Athumani 19:36
Marahaba. Hapo umenipa jambo kubwa. Beringi ya konrodi ikilika, gari ikipata moto ndiyo kelele inazidi, kwa sababu oili inakuwa nyepesi. Yenu inafanya kinyume. Taa ya oili inawaka ukiwa unaendesha?

Salma 19:37
Hapana. Nikifungua swichi inawaka, injini ikishika inazima. Moshi ndiyo upo, mweusi kidogo asubuhi, unachoma macho.

Mama 19:41
Kaka, mie nalihofia hilo gari njiani. Kutoka Mombo kupanda Soni ni kona tupu na korongo upande mmoja.

Mjomba Athumani 19:46
Dada, ndiyo maana sitaki tukisie. Injini ikifunguliwa bila sababu mnaweza kuifunga na ugonjwa ambao haikuwa nao. Salma, kesho kabla hujawasha, toa kila kitu nyuma: mtungi wa gesi, jiko, masufuria, dumu la maji, droo zote. Gari yenye jiko na kitanda ndani ina kelele nyingi zisizo za injini, sikio linachanganyikiwa.

Baba 20:05
Droo ya kushoto inyanyueni kwanza ndipo muivute. Mbao zile ni mninga, nilizipima mwenyewe, zimeingia kwa kubana.

JUMANNE

Salma 06:52
[Picha] Vyote viko barazani, mpaka godoro.

Salma 06:58
[Sauti 0:41] Sikiliza mjomba. Ile ya chwa chwa imeondoka, kumbe mtungi ulikuwa unagusana na bodi. Ko ko ko iko palepale.

Mjomba Athumani 07:20
Nimeisikiliza mara nne, nimeweka simu sikioni na kufunga mlango. Ni silinda moja inayogonga, si zote. Una fundi karibu ambaye anakubali kuelekezwa?

Salma 07:22
Yupo kijana hapa Kimara Korogwe. Mdogo kwangu lakini mtulivu. Nimempigia, anakuja.

Mjomba Athumani 07:40
Vizuri. Msome wote wawili mpaka mwisho kabla ya kushika spana.

Inueni siti ya abiria wa mbele, fungueni mfuniko, injini iko chini yake. Kuna paipu nne nyembamba za chuma, zinatoka kwenye pampu ya dizeli na kila moja inaingia kwenye nozeli yake, inayopuliza dizeli ndani ya silinda. Washeni, iacheni iungurume yenyewe bila kukanyaga mafuta. Chukueni spana namba 17, legezeni nati ya paipu juu ya nozeli ya kwanza, nusu mzunguko tu, mmefunika kwa kitambaa. Dizeli ikivujia hapo, silinda ile inakosa mafuta na injini inatetemeka. Sikilizeni. Kazeni. Nendeni ya pili, ya tatu, ya nne. Mkifika kwenye yenye ugonjwa, kelele itakatika.

Na nawaomba sana: hakuna kuweka mkono mbele ya dizeli inayotoka kwa presha. Inatoboa ngozi na kuingia ndani. Tundu linaonekana dogo kama la sindano, mtu anapuuza, kumbe mkono unaozea ndani. Likitokea hilo ni hospitali saa ileile, hakuna kusubiri.

Mama 07:44
Salma umesoma hapo mwisho?

Salma 07:45
Nimesoma mama. Nimemsomea na fundi kwa sauti.

Salma 10:22
Mjomba. Ya kwanza, gari inatetemeka, kelele ipo. Ya pili, vilevile. Ya TATU, ilipolegezwa tu ko ko ko ikakatika, kama mtu aliyekuwa anabisha hodi akafunguliwa mlango. Tukakaza, ikarudi. Tumerudia mara tatu.

Kaka Rashidi 10:24
Alhamdulillah! Kwa hiyo ni nozeli, tununue mpya tumalize.

Mjomba Athumani 10:35
Bado Rashidi. Konrodi ya silinda ya tatu ikilegea, nayo inapoa ukiikatia dizeli, kwa kuwa pistoni haisukumwi tena kwa nguvu. Hapa ndipo watu wanapopotea: mmoja anashusha injini nzima, mwingine ananunua nozeli na kelele inabaki. Tumepata silinda, hatujampata mgonjwa. Yamebaki mambo mawili, oili leo, nozeli kesho.

Mjomba Athumani 10:41
Oili imwageni ikiwa na joto kwenye beseni safi. Chovyeni kitambaa cheupe, kitandazeni juani. Msitegemee sumaku, madini ya beringi za konrodi hayashikwi na sumaku. Tafuteni mng'aro, vumbi la fedha au la shaba. Kama beringi imelika, itajionyesha hapo.

Salma 12:03
[Picha] Ni kipande cha kanzu ya zamani ya Baba. Nyeusi tii, lakini hakuna kinachong'aa hata chembe. Nimegeuza kila upande, nimemulika na tochi, fundi naye kasugua kwa vidole.

Mjomba Athumani 12:10
Weusi usikutishe, oili ya dizeli ndivyo ilivyo. Moyo wangu umeanza kutulia. Kesho rudisheni oili, kisha fungueni nozeli ya tatu na ya kwanza, mzibadilishe nafasi. Zile washa, vipete vya chuma vya chini ya nozeli, muweke mpya, ni za bei ndogo, msirudishe zilizobondeka. Mkishafunga paipu toeni upepo: nati zikiwa zimelegea, pigeni stata mpaka dizeli itoke bila mapovu, ndipo mkaze. Kelele ikihamia silinda ya kwanza, basi nozeli ndiyo mgonjwa na injini ya shemeji ni nzima. Ikibaki ya tatu, tutazungumza mambo ya kushusha.

Baba 12:30
Nozeli hizo sijazigusa tangu ninunue gari.

JUMATANO

Mwanaidi 09:15
Salma vipi? Niko kazini, akili yote iko kwenye hiyo gari.

Salma 09:48
Tumezitoa. [Picha] Kushoto ni ya kwanza, kavu, rangi ya majivu. Kulia ni ya tatu. Angalieni ncha yake: masizi yamelundikana upande mmoja, yana unyevu, na pembeni kuna kutu ya kahawia.

Mjomba Athumani 09:52
Hiyo kutu ina maana yake, nitaiuliza baadaye. Fungeni kwanza.

Salma 11:07
IMEHAMA

Salma 11:08
Mjomba imehama! Tukilegeza ya tatu inaendelea kugonga. Tukilegeza ya kwanza, kimya kabisa. Fundi karuka juu kwa furaha hapa barazani.

Mama 11:09
Allahu Akbar. Machozi yamenitoka.

Mjomba Athumani 11:15
Alhamdulillah. Mwambieni kijana huyo nimemheshimu. Angeweza kusema anajua.

Sasa msikie kinachotokea ndani. Nozeli nzima inapuliza dizeli kama ukungu, inashika moto kwa utaratibu. Hiyo yenu inadondosha matone. Matone yanajikusanya, yanawaka yote kwa mpigo, na ndiyo mnasikia ko. Injini ikiwa ya baridi dizeli inachelewa kuwaka, matone yanazidi kujikusanya, ndiyo maana asubuhi inatisha.

Turudi kwenye kutu. Shemeji, kabla Salma hajaiwasha, gari ilikuwa imesimama tangu lini?

Baba 11:24
Tangu masika. Nyonga ya Bibi yenu ilipozidi hatukusafiri tena.

Mjomba Athumani 11:26
Na tangi lilikuwa limejaa?

Baba 11:28
Nusu. Labda chini ya nusu.

Mjomba Athumani 11:33
Basi ndiyo hilo. Tangi likibaki na nafasi tupu, hewa yenu ya Dar yenye unyevu inaingia, usiku bati la tangi linapoa na maji yanajishika kwenye kuta, yanateremka chini. Miezi yote hiyo. Salma, chini ya filta ya dizeli kuna koki. Wekeni chupa inayoonyesha ndani, fungueni.

Salma 12:01
[Picha] Chupa ya maji ya kunywa ya nusu lita. Mnaona ule mstari? Juu dizeli, chini maji, kama vidole viwili hivi. Yana na chenga za kutu.

Idrisa 12:02
Hayo yote yalikuwa yanaingia kwenye injini???

Mjomba Athumani 12:06
Filta imezuia mengi, lakini ikijaa yanapita. Fungueni na nati ya chini ya tangi mlimwage lote. Hata lita 20 za dizeli msizionee huruma.

ALHAMISI

Salma 08:30
Niko Gerezani, kwenye duka la spea. Muuzaji ananipa ncha za nozeli aina mbili, moja elfu 25, nyingine elfu 12. Anasema zinafanana.

Mjomba Athumani 08:34
Usilipe kwanza. Nenda nazo zote mbili kwa mafundi wa pampu, wenye mashine ya kupimia nozeli, na ubebe zako nne. Muombe akupigie ukiwa unatazama.

Salma 10:10
Nimeona kwa macho yangu mjomba. Alifunga ile ya tatu kwenye mashine, akavuta mkono: tone, tone, halafu mkojo mmoja mwembamba unakwenda kombo. Akafunga ncha ya elfu 25, akavuta, ikalia "friii" na ukungu ukatoka mnene, umenyooka. Ya elfu 12 nayo ilidondosha, mpya kabisa kutoka kwenye boksi. Nimechukua nne za elfu 25, anazifunga na kuzipima presha zote zilingane.

Kaka Rashidi 10:13
Jumla itafika ngapi?

Salma 10:40
Ncha laki moja. Mtu wa pampu elfu 40. Filta mbili, oili na washa laki moja na elfu 30. Kijana wetu kasema elfu 30, nimempa 50.

Kaka Rashidi 10:44
Laki tatu na elfu 20. Na Jumatatu nilikuwa nimeshafungua simu nitume laki nane. Mjomba, Mungu akuweke. Hiyo laki nane naigawa, nusu iende kwa bibi harusi, nusu kwa mazoezi ya nyonga ya Bibi.

Mjomba Athumani 10:50
Amin. Jambo moja nimekumbuka. Shemeji, taimingi belti, ule mkanda wa mpira wa injini, ilibadilishwa lini? Hii ni ya kila kilomita 100,000, na ikikatika mlimani, hiyo injini ndiyo itashushwa kweli.

Baba 11:02
Ninalo daftari. Ilibadilishwa gari ikisoma 214,000. Sasa inasoma 281,000.

Mjomba Athumani 11:05
Kilomita bado zinaruhusu. Mpira unazeeka hata gari ikiwa imesimama, kwa hiyo mkirudi ndiyo kazi ya kwanza.

Salma 17:26
[Sauti 0:33]

Mwanaidi 17:28
Hii ndiyo HiAce yetu? Nimefikiri umerekodi gari ya jirani.

Baba 17:31
Hivyo ndivyo ilivyokuwa inalia nilipoitoa bandarini.

Baba 17:32
Jazeni tangi leo.

IJUMAA

Salma 05:10
Tumetoka. Bibi kalala upande wa dirishani, mto chini ya nyonga. Mtungi nimeufunga na mpira wa tairi, hauchezi.

Mama 05:11
Kaka, tumo njiani kwa jina la Mungu.

Mjomba Athumani 05:20
Fi amanillah. Mimi nimelala Soni tangu jana. Mkifika Mombo simameni mpoe, halafu nitumieni sauti kabla hamjaanza kupanda.

Salma 12:37
Tuko Mombo. Bibi kaomba chai, kasema hajasikia mgongo ukimuuma. [Sauti 0:25]

Mjomba Athumani 12:41
Nimeisikia. Kamata gia ya pili, usiikimbize, honi kila kona. Ubwabwa uko jikoni huku juu.