Nywila moja ya wifi chuo kizima: nifanyeje kila mtu aingie kwa jina lake?

Msimamizi_Moro: Wakuu, habari za jioni. Nasimamia mtandao wa chuo kidogo hapa Morogoro. Wifi ina nywila moja. Ikibadilishwa asubuhi, jioni mtaa mzima wanayo. Kuruhusu kwa anwani ya MAC (namba ya utambulisho ya kifaa) kumegoma, simu za siku hizi zinajitungia anwani. Nataka mtandao umtambue mtu: mwanafunzi apate intaneti tu, mhasibu afike kwenye seva ya ada. Swichi zetu zinakubali VLAN (kugawa mtandao mmoja katika sehemu zilizotengana), hela ya leseni hakuna.

FundiWaya: Mkuu, hiyo ni kazi ya 802.1X, utaratibu wa mtandao kumtambua mtu kabla ya kumruhusu. Weka FreeRADIUS, yaani seva ya RADIUS inayokagua akaunti za watu, kwenye kompyuta yenye Linux, ni bure. Kwenye wifi, toa WPA2 Personal (nywila moja kwa wote) weka WPA2 Enterprise (kila mtu na akaunti yake). Mtu akijiunga anaulizwa jina na nywila yake, ombi linakwenda RADIUS kwa poti 1812, jibu linarudi na namba ya VLAN yake. Wifi ni ileile, ila mhasibu na mwanafunzi wanaangukia sehemu tofauti. Sasa kaza kwenye ruta: usipoweka sheria za kuzuia, VLAN zitaonana kupitia hapohapo na seva ya ada itabaki wazi. Weka pia Session-Timeout (muda ukiisha mtu anaulizwa upya), maana ukifunga akaunti ya aliyeacha kazi, aliye hewani ataendelea hadi atakapoulizwa upya.

Kijana_wa_Netiweki: Mbona hotspot ya ruta ya MikroTik, ile ya kuingiza namba ya vocha kwenye ukurasa, inatosha?

DadaSeva: Kwa wageni, sawa. Kwa ofisi ya fedha sikubali: hotspot nyingi ziko wazi hewani, na mtu akiiga MAC ya aliyekwisha kuingia anapita. Mleta mada, zingatia cheti cha seva, kinachoithibitishia simu kwamba seva ni yenu. Ukitumia PEAP (njia ya kutuma jina na nywila kwenye 802.1X) na simu zisikague cheti, mtu ataweka wifi feki yenye jina lenu na kuvuna akaunti za watu. Wafundishe hilo siku ya usajili.

Msimamizi_Moro: Asanteni sana. Na printa? Haina pa kuandika jina.

DadaSeva: Hiyo iruhusu kwa MAC, lakini ipe VLAN yake isiyotoka nje. Atakayeiga anwani yake ataishia kwenye printa.

FundiWaya: RADIUS ikitulia, ongea na TERNET (mtandao wa elimu na utafiti Tanzania) kuhusu eduroam, wifi ya ushirikiano wa vyuo. Mwanafunzi wako akienda chuo kingine chenye eduroam ataingia kwa akaunti yenu.